Kuongeza Betri Kwenye Trela la Safari kwa Usalama: Mwongozo Kamili

Volti 12 hazimrushi mtu. Ukizishika kwa mikono mikavu husikii kitu, na ndiyo maana wengi huiogopa soketi ya ukutani lakini huishika betri kana kwamba ni tofali. Siku moja nilikuwa nakaza nati kwenye betri ya trela, spana ndefu ikagusa kichwa cha pili cha betri. Ilikuwa nusu sekunde tu. Cheche ziliruka, kona ya spana ikayeyuka, na kidole changu kikabaki na alama ya moto kwa wiki kadhaa. Betri moja ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja) inaweza kumwaga maelfu ya ampea ikipigwa shoti. Anayeongeza betri ya pili anaongeza akiba ya umeme, na papo hapo anaongeza ukubwa wa moto unaoweza kutokea.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa volti 12 wa trela la safari, lile lenye vitanda, jiko, taa na pampu ya maji, linalovutwa nyuma ya gari. Nitakaa zaidi kwenye kebo na fyuzi kuliko kwenye betri zenyewe, kwa sababu trela huungulia kwenye kebo.

Hesabu kabla ya kununua

Watu hununua betri ya pili kwa sababu ya kwanza imeisha usiku wa manane. Huenda kweli ilikuwa ndogo. Huenda pia imechoka, au haijawahi kujaa tangu inunuliwe, na hapo betri mpya itakufa njia ileile. Kwa hiyo anza kwa kuandika kila kifaa, ampea zake na saa zake kwa siku.

Chukua mfano huu. Friji ya kompresa inayokula ampea 4 na kufanya kazi jumla ya saa 10 kati ya 24: ampea-saa 40. Feni ya ampea 2 kwa saa 8: 16. Simu na kompyuta, ampea 5 kwa saa 3: 15. Vitu visivyolala, kama kitambua gesi, redio na saa, nusu ampea mchana na usiku: 12. Taa sita za LED za wati 3 ni ampea 1.5, kwa saa 5: 7.5. Pampu ya maji ya ampea 6, robo saa tu: 1.5. Jumla ni ampea-saa 92 kwa siku. Tazama jinsi vile vitu visivyolala vilivyozidi taa zote. Watu wengi hawavihesabu kabisa.

Sasa, betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu kila siku, la sivyo maisha yake yanafupika haraka. Betri mbili za ampea-saa 100 zinakupa 100 za kutumia kwa raha, yaani siku moja ya mfano wetu na akiba kidogo. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati huvumilia kushushwa hadi asilimia 80 au zaidi, hivyo moja ya ampea-saa 100 inakaribia kufanya kazi ya mbili za risasi.

Kuna jambo jingine kuhusu namba iliyoandikwa ubavuni mwa betri. Kwa betri ya risasi, ampea-saa 100 kwa kawaida zimepimwa kwa kuitoa taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5. Ukiivuta kwa ampea 50, hupati saa mbili. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza hili kwa kanuni mwaka 1897: kadiri unavyoivuta kwa nguvu, ndivyo inavyokupa kidogo. Betri mbili zikigawana mzigo, kila moja inavutwa kwa upole zaidi, na faida yake unaiona kweli.

Friji ya gesi inayoweza pia kutumia volti 12 iweke kando kabisa katika hesabu hii. Kipasha joto chake kinaweza kumeza ampea 10 hadi 15 bila kupumzika. Mkiwa mmeegesha, iendeshe kwa gesi.

Na swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo: nani atazijaza? Betri ya pili haizalishi umeme. Kama chaja ya trela inatoa ampea 10, betri mbili zilizobaki nusu zitataka siku nzima au zaidi. Kwa betri za risasi ninapendelea chaja yenye kati ya asilimia 10 na 20 ya ukubwa wa akiba, yaani ampea 20 hadi 40 kwa ampea-saa 200. Hata hivyo asilimia 20 ya mwisho huingia polepole, na huwezi kuilazimisha.

Betri ipi iungwe na ipi

Sheria yangu hapa haina mlango wa nyuma: betri zinazofanya kazi pamoja ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja, na ikiwezekana kutoka shehena moja. Betri mpya ikifungwa na kuukuu, ile kuukuu hujaa mapema na kuisha mapema, na mpya hutumia maisha yake kumbeba mwenzake. Betri ya risasi na ya lithiamu zikifungwa sambamba moja kwa moja, volteji zao haziendani hata kidogo. Kama betri uliyo nayo ina zaidi ya miezi sita au kumi na miwili ya kazi, nunua mbili mpya na ile ya zamani ipe kazi nyingine. Inauma mfukoni, najua.

Usinunue betri ya kuwashia injini. Sahani zake za ndani ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Unataka betri ya kushuka chini, ile ambayo wauzaji wengi huiita ya sola au ya mzunguko mrefu. Katika familia ya risasi kuna ya maji, ambayo ni rahisi lakini hutoa gesi na hutaka kuongezwa maji. Kuna iliyozibwa yenye mkeka wa nyuzi za kioo unaoshika asidi, ijulikanayo kama AGM. Na kuna ya jeli, ambayo huharibika upesi ikichajiwa kwa volteji ya juu. Lithiamu nitairudia chini, kwa sababu ina masharti yake.

Betri mbili za volti 12 huungwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volteji inabaki 12, ampea-saa zinajumlishwa. Njia nyingine ni kuchukua betri mbili za volti 6, zile za vigari vya gofu, na kuziunga kwa mfululizo: chanya ya moja inaunganishwa na hasi ya nyingine, volti zinakuwa 12, na ampea-saa zinabaki zilezile za betri moja, mara nyingi zaidi ya 200. Ningekuwa na nafasi ya kutosha kwenda juu, ningechagua hizi za volti 6. Sahani zake ni nene, na hakuna betri inayomnyonya mwenzake, kwa kuwa mkondo mmoja unapita zote mbili. Kosa la hatari ni kuchanganya mpangilio: betri mbili za volti 12 zikiungwa mfululizo zinatoa 24, na kila kifaa ndani ya trela kinaweza kuungua kwa sekunde moja.

Zikae wapi

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 27 hadi 30. Ukiongeza moja kwenye fremu ya mbele, karibu uzito wote unalala kwenye ndoano ya gari. Soma kibao cha uzito kwenye ndoano na kwenye kitabu cha gari, kisha pima tena baada ya kufunga. Kuzipeleka nyuma ya ekseli ili kupunguza mzigo wa mbele ni kosa kubwa zaidi: trela lenye mbele nyepesi huanza kuyumba likiwa kwenye mwendo, na kuyumba huko ndiko hupindua gari na trela pamoja. Sehemu nzuri ni mbele kidogo ya ekseli, chini kabisa.

Betri ya maji isikae ndani ya chumba mnacholala. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Gesi hiyo ni nyepesi, hupanda juu, kwa hiyo kisanduku kiwe na tundu la kuingizia hewa chini na la kutolea juu, likielekea nje. Ndani ya kisanduku hicho usifunge inverta (kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa umeme kama wa soketi ya ukutani), swichi wala kitu chochote kinachotoa cheche. Usikiweke pia katika chumba kimoja na mitungi ya gesi ya kupikia, ambayo yenyewe ni nzito kuliko hewa na hukusanyika chini. Betri za AGM hazitoi gesi katika hali ya kawaida, ila zina vali inayofunguka zikichajiwa kupita kiasi, hivyo nazo zipewe mahali pa kupumulia.

Kisha zifungwe. Trela hurukaruka kuliko gari, na betri iliyolegea hukata kebo yake yenyewe kwa kusugua. Tumia mikanda au vyuma vilivyofungwa kwenye fremu, siyo kwenye ubao mwembamba wa sakafu. Zisukume kwa nguvu zako zote, zikicheza, rudia.

Kebo na fyuzi

Kebo ni bomba. Ikiwa nyembamba kwa mkondo unaopita, umeme unapotea njiani ukiwa joto. Hesabu yake si ngumu: ukinzani wa kebo ya shaba, kwa omu, ni takribani 0.0175 mara urefu kwa mita, gawanya kwa unene kwa milimita za mraba. Hesabu urefu wa kwenda na kurudi.

Tuseme una inverta ya wati 1000. Kwa volti 12, na upotevu wa inverta yenyewe wa asilimia 10, inavuta karibu ampea 93. Kama inverta iko mita 2 kutoka kwenye betri, njia nzima ni mita 4. Kwa kebo ya milimita za mraba 16, ukinzani ni 0.0044, na kwa ampea 93 unapoteza volti 0.4 na wati 38. Hizo wati 38 zinapasha moto kebo iliyofichwa chini ya kitanda. Kwa kebo ya 35 unapoteza kama volti 0.19 na wati 17. Ndiyo maana ningetumia 35, na ningeisogeza inverta karibu na kisanduku cha betri badala ya kununua kebo ndefu. Viungo vya kati ya betri na betri viwe na unene uleule wa kebo kuu. Usitumie zile nyaya za kuamshia magari. Nyingi zina mpira mnene na shaba kidogo ndani, na baadhi si shaba kabisa bali ni alumini iliyopakwa shaba.

Fyuzi inalinda kebo. Hili likikukaa kichwani, maswali mengine yote yanajijibu. Ukubwa wake uwe juu kidogo ya mzigo wa kawaida na chini ya uwezo wa kebo. Kwa mfano wetu, ampea 93 mara 1.25 ni 116, hivyo fyuzi ya 125 kwenye kebo ya 35 inafaa. Fyuzi ya 250 kwenye kebo hiyohiyo ingeacha kebo iwake kabla yenyewe haijakatika.

Mahali pake ni upande wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kipande cha kebo kilicho kati ya kichwa cha betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka na kugusa fremu, hakuna kitakachokata umeme isipokuwa moto. Kwa betri za maji, ambazo cheche hazitakiwi ndani ya kisanduku, kuna fyuzi zinazofungwa juu ya kichwa cha betri zikiwa zimezibwa zisitoe cheche. Vinginevyo itoe fyuzi nje tu ya ukuta wa kisanduku, na hicho kipande cha ndani kivishe mpira wa ziada.

Kwa betri mbili sambamba, ninaipa kila betri fyuzi yake. Sababu ni hii: seli moja ikiharibika na kupiga shoti ndani ya betri, betri ya pili humwagia mkondo wake wote humo. Fyuzi ya pamoja, ile iliyo kwenye kebo kuu, haioni mkondo huo kwa kuwa haupiti kwake.

Fyuzi si zote sawa pia. Mbali na ampea za kukatikia, kila fyuzi ina kikomo cha shoti inayoweza kuizima. Betri za lithiamu zina ukinzani mdogo sana, na fyuzi dhaifu ikikatika inaweza kuendelea kupitisha umeme kwa tao la moto. Kwa hizo tumia fyuzi ya daraja T, ambayo imetengenezwa kuhimili shoti ya hadi ampea 20,000. Fyuzi za bei ya chini, zenye dirisha la plastiki, sizifungi kwenye kebo kuu kamwe.

Kuchukua umeme kwa mshazari

Betri mbili zikishaungwa sambamba, wengi hufunga kebo ya chanya na ya hasi zote kwenye betri ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Umeme wa betri ya pili basi unalazimika kupita viungo viwili vya ziada, na betri ya kwanza inabeba mzigo mkubwa zaidi kila siku. Zikiwa nne, ya kwanza inaweza kubeba karibu mara mbili ya ile ya mwisho. Dawa yake haigharimu chochote: chanya ichukue kwenye betri ya kwanza, hasi ichukue kwenye betri ya mwisho. Kwa njia hiyo kila betri ina urefu uleule wa kebo.

Kazi yenyewe

Kusanya miwani ya kukinga macho, glovu za mpira, multimita, spana zilizozungushwa utepe wa umeme hadi karibu na mdomo, koleo zito la kubania lagi (vile vipande vya chuma vyenye tundu vya mwisho wa kebo), maji mengi, na bikaboneti ya soda ya kuokea kwa kuua asidi itakayomwagika. Vua pete, saa na mkufu. Pete ikigusa chanya na fremu kwa pamoja inageuka kuwa waya wa hita kidoleni. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

1. Chaji kila betri peke yake hadi ijae, ziache zitulie saa kadhaa, kisha zipime. Betri ya risasi iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Tofauti kati yao isizidi 0.1. Ukiunga iliyojaa na iliyoisha, mkondo mkubwa hukimbia kati yao wakati ambapo mikono yako iko juu yake.

2. Chomoa umeme wa nje. Zima inverta na vifaa vyote. Kama kuna paneli za sola, kata paneli kwanza kabla ya betri, kwa sababu chaji kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya sola) nyingi hazipendi kubaki na paneli bila betri na zinaweza kuharibika.

3. Piga picha za kila waya uliopo, na ubandike kila mmoja kipande cha utepe chenye jina. Usiamini rangi. Katika trela nyingi za Marekani, waya mweusi wa volti 12 ndio chanya na mweupe ndio hasi, kinyume na alichozoea fundi wa magari. Waliounganisha mweusi kwenye hasi wamekatikiwa na fyuzi za chaja, na wengine wamepoteza chaja nzima. Multimita ndiyo hakimu.

4. Tafuta waya wa swichi ya dharura ya breki. Trela lenye breki za umeme huwa na swichi yenye kamba inayochomoka trela likikatika na gari, na betri ya trela ndiyo inayofunga breki wakati huo. Waya huo usipite kwenye swichi kuu ya kuzimia. Mtu akizima betri kisha akasahau, trela linabaki bila breki za dharura na hakuna taa itakayomwambia. Uunge upande wa betri wa swichi hiyo, ukiwa na ulinzi wake kama mtengenezaji wa trela alivyoelekeza.

5. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umepiga shoti, kwa kuwa fremu bado imeshikana na hasi. Hasi ikishatoka, spana ikigusa fremu hakuna kinachotokea. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho.

6. Weka betri mahali pake, zifunge kwa mikanda, na uache sentimita moja au zaidi kati yao ili joto litoke. Funika vichwa ambavyo hujavigusa bado kwa kipande cha mpira.

7. Tengeneza kebo ukiwa mezani, siyo ukiwa umeinama juu ya betri. Lagi zibanwe kwa koleo lake hasa. Nyundo na patasi huacha hewa katikati ya nyuzi, na hewa hiyo ni ukinzani. Ukibana, vuta kwa nguvu. Ikichomoka, shukuru imechomoka mezani. Kisha uvishe mpira wa kusinyaa kwa joto.

8. Funga kiungo cha chanya kwa chanya, fyuzi na kebo kuu. Lagi yenye mkondo mkubwa ilale moja kwa moja juu ya uso wa kichwa cha betri, lagi ndogo juu yake, halafu washa (kile kipande bapa cha chuma chenye tundu), washa ya springi, na nati. Washa ikiwa chini ya lagi, umeme wote unapita kwenye chuma badala ya shaba, na hapo ndipo vichwa huyeyuka. Usirundike lagi zaidi ya tatu au nne kwenye kichwa kimoja. Zikizidi, funga baa ya shaba ya kuunganishia karibu na betri.

9. Kama unafunga mita ya kuhesabu ampea-saa, shanti yake (kipande cha chuma ambacho mkondo wote hupita ukipimwa) ikae kwenye hasi, na kila kitu, hata hasi ya sola na ya fremu, kirudi upande wa pili wa shanti. Waya mmoja tu ukipita pembeni kwenda moja kwa moja kwenye betri, mita itadanganya siku zote.

10. Kabla ya kugusisha hasi ya mwisho, pima volteji na uhakikishe uelekeo wa chanya na hasi. Kisha funga. Cheche ndogo hapa ni ya kawaida kama kuna inverta, kwa kuwa kapasita zake zinajaa. Cheche kubwa, yenye mlio, inamaanisha kuna shoti: ondoa mara moja na utafute.

11. Rudisha paneli za sola baada ya betri kuungwa. Kaza nati zote kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kisha vifunike vichwa vya chanya.

Jaribio la saa moja

Washa mzigo mkubwa ulio nao na uuache uende. Baada ya dakika 15, na tena baada ya saa, gusa kwa nyuma ya mkono kila lagi, kila fyuzi na kila kiungo, au tumia kipima joto cha mwanga usioonekana. Vuguvugu la kufanana pande zote halina neno. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, kimebanwa vibaya. Mzigo ukiendelea, pima pia volteji kati ya kichwa cha betri na lagi iliyolala juu yake: isomeke karibu na sifuri. Ikisoma sehemu ya kumi ya volti, pana uchafu au nati imelegea. Pima na kila betri peke yake. Zote zisome karibu sawa, tofauti isifike sehemu ya kumi ya volti.

Mwisho, angalia mipangilio ya chaja. Betri za maji hutaka 14.4 hadi 14.8 wakati wa kujaza na 13.2 hadi 13.6 wakati wa kushikilia; AGM karibu 14.4 hadi 14.6, jeli karibu 14.1. Karatasi ya betri yako ndiyo yenye neno la mwisho. Chaja ya zamani isiyobadilika, inayotoa 13.6 tu siku zote, haitajaza betri za risasi sawasawa, na salfeti ya risasi itaganda kwenye sahani mwezi hadi mwezi.

Ukichagua lithiamu

Ni nyepesi, kilo 11 hadi 13 kwa ampea-saa 100, na hudumu sana. Lakini haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi; ndani yake lithiamu hujipaka juu ya elektrodi na madhara yake hayarudi nyuma. Nunua yenye saketi ya ulinzi inayozuia chaji kwenye baridi. Saketi hiyo pia hukata umeme wote betri ikiisha, papo kwa papo, na ikikata, breki za dharura nazo hazina umeme. Kama trela lako lina swichi hiyo, liwekee betri ndogo ya pekee kwa ajili ya breki.

Jambo la pili ni gari linalovuta. Betri ya lithiamu iliyoisha hunyonya kila inachopewa, na altaneta ya gari inaweza kupata joto hadi iungue, au waya mwembamba wa plagi ya trela ukayeyuka. Kati ya gari na trela funga chaja ya volti 12 kwa volti 12 yenye kikomo cha ampea, pamoja na kebo na fyuzi zake, moja kila mwisho, kwa sababu kebo hiyo ina betri pande zote mbili.

Na usiisome kwa volteji. Betri ya risasi iliyotulia ikisoma 12.1 unajua iko karibu nusu. Ya lithiamu hubaki juu ya 13 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha inaanguka ghafla. Hapa ile mita yenye shanti si anasa.

Baada ya hapo

Wiki ya kwanza ya safari kaza nati tena, maana shaba na risasi hukaa sawa zikishapata joto na mtikisiko. Betri za maji zifunguliwe kila mwezi. Ongeza maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, na uongeze baada ya kuchaji, siyo kabla, kwa kuwa maji hupanda wakati wa chaji na asidi itamwagika nje. Sahani zikiwa zimeachwa wazi tu ndipo utangulie kuzifunika kidogo kabla ya kuchaji. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa uoshe kwa maji ya bikaboneti vifuniko vikiwa vimefungwa, kausha, upake vaselini.

Trela likikaa miezi bila kazi, jaza betri za risasi kabisa kisha zitenge, na uzipime kila mwezi. Zikishuka chini ya 12.4, zirudishe kwenye chaja siku hiyohiyo. Siku moja moja zipime kila moja peke yake, kiungo cha kati kikiwa kimefunguliwa. Kama moja inasoma 12.6 na nyingine 12.2 baada ya usiku mmoja, ya pili inakufa na inaivuta mwenzake, na usiirudishe pamoja hata kwa safari moja.